Mume Wangu Ametumwa Kuchagua Risasi ya Mamba

Na kweli, Shangazi Rozalia, lile gauni la rangi ya maziwa ulilonichagulia ndilo nililovaa, siyo lile jekundu, na Imrani aliponifunua mtandio alisahau hata alichotakiwa kusema, akabaki anacheka peke yake mpaka somo aliyenifunda akamwambia, "Baba, huyu ni wako, haibiwi mtu hapa, pumua." Kwa hiyo ahsante sana. Nakuandikia tena kwa sababu mara ile ulinifaa, na kwa sababu safari hii jambo lenyewe si gauni, ni mamba.

Usicheke kwanza, Shangazi. Ngoja nikueleze mume wangu, maana bila kumjua yeye hutaona ukubwa wa shida yangu. Imrani ni kijana wa Mnero, fundi simu, ana vidole vyembamba vyenye subira, anaweza kuchukua simu iliyotumbukia kwenye uji akaifungua, akaikausha, akaiunganisha na ikaita, na jioni akirudi ndani ananishika mkono kwa vidole hivyo hivyo kana kwamba na mimi nina skrubu ndogo ndogo ambazo hataki zipotee. Maji ya kuoga ananichotea yeye, watu wanamcheka, yeye anasema waacheni wacheke, wakichoka watanyamaza. Akipika wali kila punje inajitegemea. Hina ya harusi bado ipo kwenye kucha zangu, na kila nikiitazama nachekelea kama mwehu, hata nikiwa shambani napalilia ufuta na jua limesimama kichwani. Lakini kuku wa kuchinja, Shangazi, Imrani humpeleka kwa jirani, na anapochinjwa yeye hugeukia ukutani na kuuliza, "Tayari?"

Wewe umezaliwa huku, unajua kwetu mwanamume akioa ndiye anayebeba begi lake akahamia kwa mke, na ukoo wa mke una mjomba, na mjomba ndiye serikali. Wangu ni Mjomba Bakary, kaka wa mama, na shamba lote hili la Narung'ombe liko chini ya neno lake. Siku ya harusi alimwita Imrani mbele ya wazee, akamuuliza, "Mkwe, tunasikia kwenu Mnero kazi yako ni kupulizia simu vumbi. Sasa hapa kwetu likitokea jambo la kiume, nalo utalipulizia?" Wazee wakacheka mpaka mmoja akakohoa. Mume wangu alijua niko nyuma ya pazia nasikiliza, basi akanyoosha mgongo, akasema, "Mjomba, mimi nimepita jeshi la kujenga taifa. Silaha nimeshika." Mimi kule nyuma ya pazia mapenzi yalinipiga nikashika ukuta.

Na hakusema uongo. Silaha aliishika. Tulipobaki wawili aliniambia mambo yote yalivyokuwa, kwamba kambini walipelekwa kulenga shabaha, yeye akalenga ya kwake ikatoboka ya jirani, jirani akasifiwa mbele ya kikosi kizima, na kuanzia siku hiyo mkufunzi wao akaona kipaji cha Imrani kiko jikoni, na ndiko alikojifunza ule wali. Nilimpenda zaidi. Nilimwambia, "Mimi sikuolewa na bunduki." Tukacheka, tukaona yameisha.

Hayakuisha, kwa kuwa mvua za mwaka huu unajua zilivyonyesha. Korongo linaloshuka kuelekea Mto Mbwemkuru lilijaa mpaka maji yakaingia kwenye bwawa letu, lile alilochimba marehemu babu kwa ajili ya mbuzi na bustani, na maji yalipopungua akabaki mgeni. Tulidhani ni gogo. Mama mdogo alikwenda kufua, akaliona gogo zuri limekaa pale ukingoni, akanyanyua beseni la nguo alitue juu yake, gogo likafumbua jicho. Mama mdogo anasema hakumbuki alivyofika nyumbani, ila alifika na beseni na hakuna hata soksi iliyodondoka. Tukaanza kubishana kama ni mamba kweli au ni kenge mkubwa, na ubishi ukaisha siku beberu wa mjomba alipokwenda kunywa maji. Mjomba alikuwa na beberu mmoja tu, anamwita Meneja. Sasa hana.

Basi mjomba akaita kikao. Akasema, "Shamba langu, bwawa langu, mamba wangu. Sina haja ya kumsumbua mtu. Bunduki aliyoniachia baba ipo darini na leseni ninayo. Tulichokosa ni risasi, na mtu wa kupiga. Mtu wa kupiga Mungu ameshatuletea." Vichwa vyote vikamgeukia mume wangu, ambaye muda huo alikuwa anasafisha kitufe cha sauti cha simu ya mama kwa mswaki. Mjomba akamuuliza, "Mwanajeshi, kwa mamba huwa mnatumia risasi gani?"

Imrani akasema, "Inategemea, mjomba."

"Inategemea nini?"

"Inategemea na mamba mwenyewe."

Wazee wakatikisa vichwa kwa heshima, wakaona hilo ndilo jibu la mtaalamu. Akakabidhiwa kazi ya kuchagua risasi, na ikaamuliwa kwamba kabla mwezi haujaisha, ufuta haujaanza kuvunwa, mamba awe ametolewa, na wa kumtoa ni mkwe.

Sasa kuanzia hapo, Shangazi, nyumba yangu ya mapenzi imegeuka ghala la silaha, ingawa silaha zenyewe hatuna. Alikwenda Nachingwea mjini kuulizia, na kwa kuwa hakutaka ionekane kwamba hajui, hakumuuliza mtu anayejua, aliuliza watu wa kijiweni. Fundi baiskeli mmoja, Nurdini, akamwambia mamba ana ngozi ya bati, risasi ya kawaida inadunda kama mpira, hapo atafute ya tembo. Mwenzake akasema tembo wa nini, weka marisau, vile vipunje vya kupigia kanga, vingi vinatawanyika, kimoja hakikosi jicho. Wa tatu akasema wazee wa zamani walijaza gobori kwa njiti za baiskeli zilizokatwakatwa, na Nurdini hapo hapo akamtajia njiti alizonazo dukani. Mume wangu akarudi na njiti, Shangazi. Ziko chini ya kitanda.

Halafu akaingia kwenye simu. Akakuta video za Marekani, watu wako kwenye boti, wamevaa kofia, wanampiga mamba wa kule kwa kibunduki kidogo chenye risasi kama punje ya maharage, tap, mara moja tu, mamba kimya, wanampakia wanaenda nyumbani. Imrani akafurahi kama mtoto. Akaitazama video hiyo mpaka tukaishiwa bando. Akaenda kwa mjomba akiwa ametulia kabisa, akamwambia, "Mjomba, nimeshapata. Risasi ndogo, yenye mwendo wa kasi. Kubwa ni kuharibu ngozi bure." Mjomba akajikuna ndevu, akasema, "Hiyo hiyo ndiyo niliyokuwa naifikiria mimi." Basi wakapeana mikono. Bunduki yenyewe hata hawakuishusha, iko palepale darini imeviringishwa kitenge cha marehemu bibi, na mimi tangu nizaliwe katika nyumba hii sijawahi kuisikia ikilia.

Kilichonivunja moyo kabisa ni mtani wetu, Bi Mwantumu. Alikuja juzi mchana watu tumekaa uwanjani tunakunywa chai, ana kamba mkononi, akamwambia mume wangu, "We mkwe wa watu, simama wima nikupime." Imrani mwenye adabu zake akasimama. Bi Mwantumu akampima kuanzia utosini hadi kisiginoni, akafunga fundo kwenye kamba, akatangaza, "Huyu mrefu, atatumalizia bafta yote ya dukani. Tumwombe mamba aanzie miguuni, sanda ipungue!" Watu wakaanguka kwa kicheko. Akamgeukia mjomba, "Na wewe Bakary, nikupime kabisa, au wewe utabaki nyumbani na kitenge?" Mjomba alicheka kwa sauti kubwa sana, halafu ghafla akasema anakwenda kuangalia mbuzi. Mimi sikuweza kucheka. Mume wangu apimwe sanda nami hina haijanitoka! Nilichukua kikombe cha chai nilichompa Bi Mwantumu, nikakimwaga chini mbele yake, nikaingia ndani nikalia. Tangu siku hiyo sijamsalimia.

Imrani haniambii kama anaogopa. Ila asubuhi namchungulia nyuma ya nyumba akifanya mazoezi na mpini wa jembe, anauweka begani, anafumba jicho moja, halafu anafumba na la pili. Nilipomwambia tukamweleze mjomba ukweli wa kule jikoni, alinishika mkono akasema, "Zulfa, nikisema hivyo, kesho nitaitwa nani katika nyumba hii? Mimi huku ni mgeni. Mgeni ana jina moja tu, akilichafua hana lingine."

Ndiyo nauliza. Nimwendee mjomba mwenyewe, nimwambie kwamba mwanajeshi wake alikuwa mpishi, nimwokoe mume wangu roho yake na kumvunjia heshima yake? Au ninyamaze kama mke mwema, nimwache aende, nikamngoje mlangoni? Na kama ni wa kwenda, nakuomba basi uniambie wewe risasi inayofaa, maana niliwahi kusoma hapa kwamba marehemu mumeo alikuwa askari wa wanyamapori, nimwambie nimeiona ndotoni, aende na kitu cha maana kuliko zile njiti za baiskeli. Siwezi kuwa mjane, Shangazi. Bado hata zawadi za harusi hatujamaliza kuzifungua.

Ni mimi,
Zulfa mke wa Imrani (tafadhali liandike hivyo hivyo gazetini, napenda kulisoma),
Narung'ombe, Ruangwa.


SHANGAZI ROZALIA ANAJIBU

Zulfa mke wa Imrani, nimeliandika, lisome utosheke, halafu kaa chini tugombane.

Nianze na risasi, maana nikianza na mapenzi hutasikia tena kitu kingine. Nimeishi na askari wa wanyamapori mpaka Mungu alipomchukua. Nimefua kaptula zake zenye matope ya mto huo huo wa kwenu. Kwa hiyo nikikwambia nyinyi nyote mmeanzia mwishoni, niamini. Risasi haichaguliwi kwa kumtazama mamba. Kwanza inatazamwa bunduki. Kila bunduki imeandikwa kwenye chuma chake inakula risasi ya ukubwa gani, na haili nyingine. Ukiilazimisha, ama haiingii, ama inaingia na kumpasukia usoni aliyeishika. Mumeo na mjomba wako wamepeana mikono juu ya risasi ya bunduki ambayo hakuna aliyeifunua kitenge. Hata nguo hamnunui hivyo. Na chuma kilicholala darini tangu hujazaliwa hakitiwi risasi ya aina yoyote mpaka kikaguliwe na fundi wa silaha anayetambulika. Kutu ndani ya mtutu inaua mpigaji, mamba anabaki anatazama.

Marisau ni ya kanga. Mamba ukimpiga nayo umemkuna mgongo na kumkasirisha. Njiti za baiskeli mrudishie Nurdini, azitie kwenye baiskeli, na gobori hata usilitaje tena mbele za watu, hilo ni la kupelekwa polisi likabaki huko.

Hiyo video ya Marekani, mwambie mumeo ameangalia mwisho wa habari akakosa mwanzo. Yule mnyama ni binamu wa mamba wetu, ana mdomo bapa na ni mpole kidogo. Na wale wenye kofia huwa wameshamnasa kwa ndoano na kamba, wamemvuta mpaka ubavuni mwa boti, ndipo wanammaliza kwa karibu, umbali wa mkono. Ndiyo maana risasi ndogo inatosha. Imrani atamkamata nani mkia ili risasi yake ndogo itoshe? Mamba wa Mbwemkuru askari wetu humwendea na risasi nzito ya bunduki kubwa, yenye nguvu ya kupita kwenye mfupa, na humngoja atoke kuota jua nchi kavu, na wanalenga mahali padogo kama ngumi nyuma ya macho. Ukikosa hapo anazama na kidonda chake, na mamba mwenye kidonda ndani ya bwawa ni jambo baya mara kumi kuliko mnalo sasa. Jingine ambalo kijiweni hawakulisema: risasi ikipiga maji kwa mshazari haizami, inaruka juu ya maji kama kigae wanachorusha watoto, inakwenda inakojua yenyewe. Ng'ambo ya bwawa lenu kuna nani? Kuna mama mdogo na beseni.

Mume wangu alikuwa na bunduki inayofaa, risasi inayofaa, mafunzo na wenzake wawili, na bado siku ya mamba chai ilikuwa haimshuki. Sasa wewe unataka nikupe jina la risasi ukalisingizie ndoto! Silitaji. Ningelitaja ningekuwa nimempima sanda mimi, tena bila kamba.

Jambo la pili, la mjomba. Anasema shamba langu, bwawa langu, mamba wangu. Shamba sawa. Bwawa sawa. Mamba hana hati ya shamba lenu wala hakuzaliwa kwenye ukoo. Mnyama pori ni wa serikali hata akilala uvunguni mwako, na kumpiga kunahitaji ruhusa. Leseni ya bunduki ni ya mwenye jina lake, haiazimwi mkwe kama jembe. Imrani akikamatwa na bunduki hiyo begani, atakayelala ndani ni Imrani, na mjomba naye atafuata kwa kuiazimisha. Nyie mnahofia mamba tu, kumbe kuna vinywa viwili vinamngoja.

Na sasa, Zulfa, nikuulize kitu, wewe uliyemaliza sekondari. Barua nzima umeandika wewe, mbona hujaisoma? Mtu ana bunduki darini miaka yote. Mamba amemla Meneja wake. Kwa nini haendi yeye? Kwa nini anamuuliza fundi simu risasi ya mamba? Na fundi simu anapomtajia risasi ya kitoto, mtu aliyewahi kupiga hata swala angeruka kwenye kiti. Yeye anajikuna ndevu, anasema ndiyo niliyokuwa naifikiria. Mpenzi wangu, mjomba wako hajui risasi yoyote. Anaogopa kuliko mumeo. Hajawahi kuifyatua bunduki ile, na ukoo mzima umeishi chini ya hofu ya kitenge kile. Alipoona mkwe anadai ameshika silaha, alishusha pumzi usiyoisikia. Hapo mna wanaume wawili, kila mmoja amejificha nyuma ya mwenzake, na mnataka kuwapeleka wote bwawani.

Mmoja tu ndiye aliyeliona hilo na kulisema, na wewe ukamwagia chai yake chini. Zulfa! Chai ya mtani! Mama yako alikuwa wapi? Mtani ndiye mtu pekee katika ardhi hiyo anayeweza kumwambia Bakary mbele ya watu kwamba anaogopa, na Bakary asiwe na ruhusa ya kukasirika. Mkewe akisema ni dharau, mkwe akisema ni ukaidi, wewe ukisema ni utovu wa adabu. Bi Mwantumu akisema ni utani, na watu wanacheka, na neno limeshaingia. Alimpima Imrani ili mjomba aone kamba. Alimuuliza na yeye kama atapimwa. Ulitaka akwambie wazi zaidi ya hapo kwa lugha gani?

Kwa hiyo fanya hivi, tena leo. Chukua kuku mnono, nenda kwa Bi Mwantumu, piga goti, muombe radhi. Atakutukana, vumilia, unastahili. Atakutoza na kuku wa pili, mpe. Kisha mweleze yote, pamoja na ya jikoni, yeye atajua la kufanya. Atakuja uwanjani kwenu mchana watu wamejaa, atapima wengine, atamwambia Bakary apeleke sanda yake kwa mtendaji wa kijiji akaiandikishe kabla ya kwenda bwawani. Watu watacheka, Bakary atacheka, na akishacheka atakuwa amepata mlango wa kutokea bila kuinama. Ataona afadhali aende kwa mtendaji kweli. Mtendaji atamfikishia afisa wanyamapori wa wilaya, na wale ndio wenye watu, ruhusa na hiyo risasi mnayoitafuta kijiweni. Wakichelewa, waulizwe tena, na tena. Imrani ana simu, hiyo ndiyo zana yake: ampige picha mamba kwa mbali, akiwa amesimama pembeni kabisa, apeleke ushahidi. Hapo atakuwa ameufaa ukoo kuliko wote waliokaa kwenye kile kikao.

Lakini neno la jikoni, hilo usilimwachie mtani. Hilo Imrani alitoe mwenyewe, wakiwa wawili, yeye na mjomba, bila wazee na bila pazia. Aseme, "Mjomba, silaha niliishika, lakini kazi yangu ilikuwa kupika." Basi. Asitetee, asieleze. Anadhani atapoteza jina. Mgeni hapotezi jina kwa kusema ukweli mapema, hulipoteza siku watu wanapokuja kuugundua uongo wake wamembeba machelani. Na ninakuhakikishia mjomba naye atamwambia kitu cha kwake siku hiyo, kitu ambacho hata mama yako hakijui. Ukiwaona wanarudi wamenyamaza wote wawili, usiulize. Pika.

Huku mkingoja askari, hakuna mtu kuchota maji kwa kuinama ukingoni. Tumieni ndoo yenye kamba ndefu, kutoka juu, tena mbadilishe mahali, maana mamba anajifunza tabia zenu kuliko mnavyojifunza zake. Zungushieni boma la miti na miiba pale mnapochotea. Mbuzi wanyweshwe kwenye beseni uwanjani. Matumbo ya samaki na ya kuku msitupe kule, mnamkaribisha mezani. Mama mdogo akafue nyumbani. Na wewe, ukimwona mumeo asubuhi na mpini wa jembe begani, mpokonye, mwambie ufuta unangoja jembe lenye mpini.

Uliniuliza kama mke mwema hunyamaza. Mke mwema mwenye akili ananyamaza kwa mambo ya wali uliozidi chumvi. Mtu akikwendea kwenye mdomo wa mamba kwa sababu ya aibu, mke mwema anapiga kelele. Unampenda, hilo limeonekana tangu mstari wa kwanza, hata mchapishaji wetu amelalamika. Basi mpende akiwa hai.

Mimi nina mikorosho yangu Mnero inayotaka kupaliliwa, na kutoka hapo kuja kwenu si safari ya kuogopesha. Kabla mwezi huu haujaisha nitapiga hodi Narung'ombe, mchana, nimevaa vizuri. Nitakaa uwanjani, Imrani akae kulia kwangu na Bakary kushoto, wote wawili wazima, na Bi Mwantumu anikalie mbele ili nimpe mkono wangu. Chai nitakunywa. Ila asithubutu mtu yeyote kuniambia, "Twende basi, Shangazi, ukaone bwawa."